Bunduki ya Mjomba pale Makambako

Makambako ipo pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Zambia, juu ya uwanda ulio zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, na shughuli yake kubwa, ukiacha mahindi na viazi, ilikuwa kupokea malori. Yalipanda kutoka Dar es Salaam na mafuta na mbolea ya Zambia na Kongo, yakarudi na shaba. Mengine yalitoka Songea na mahindi, mengine Njombe na mbao. Lori lililofika kwetu kutoka Dar lilikuwa limeshapanda Mlima Kitonga, na lililotoka Tunduma lilikuwa limeshahangaika na vilima vya Mbeya. Tairi lililovumilia yote hayo mara nyingi lilichagua kukata roho Makambako, na usiku.

Gereji ya mjomba ilikuwa upande wa barabara iendayo Mbeya. Mabati machache juu ya nguzo za mikaratusi, sakafu ya udongo ulioshiba oili chafu miaka mingi mpaka mvua haikuweza tena kuulainisha. Nyuma yake kibanda cha tofali, na ndani ya kibanda injini ya Lister ya kuwashwa kwa hendeli, iliyozungusha kompresa kwa mikanda miwili. Ukutani, kwenye ndoano aliyoichomelea mwenyewe, ilining'inia bunduki.

Bunduki ndivyo tulivyoiita sote, kuanzia mjomba mpaka utingo wa malori: mashine ya upepo ya kufungulia nati za magurudumu. Yetu ilikuwa ya inchi moja, maana yake shina lake la mraba, pale boksi ya kushika nati inapovikwa, lilikuwa na upana huo. Ilikuwa na uzito wa kilo kumi na ushee, ina mikono miwili, na mjomba aliinunua mkononi mwa mtu Gerezani, Dar es Salaam, ikiwa tayari imetumika mahali pengine. Jina la kiwanda lilishafutika. Alisema lililofutika ni rangi tu.

Nilifika pale baada ya kumaliza kidato cha nne. Mama alinifungia mzigo, akanipa barua ya kumpelekea kaka yake, na mjomba alipoisoma hakuniuliza matokeo. Alinipeleka moja kwa moja kwenye kibanda, akainama chini ya tangi la kompresa, akanionyesha koki ndogo ya shaba. "Hii," alisema, "utaifungua kila jioni kabla hujanawa mikono, na kila asubuhi kabla hujanywa chai. Siku ukisahau, nitajua."

Alijua kweli, maana wenzangu wawili walishasahau mbele yangu. Bunduki ilimwambia.

Mjomba alijifunza ufundi kwenye malori ya Fiat, enzi za kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services. Vijana wa leo hawaijui hadithi hiyo. Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, ilijitangazia uhuru wake, na Zambia, ambayo shaba yake na mafuta yake vilipita kusini, ikajikuta imebanwa. Njia mojawapo iliyobaki ilikuwa hii yetu, ambayo wakati ule sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Ilikuja kuitwa Njia ya Jehanamu. Kampuni ile iliundwa 1966 ili kubeba mizigo hiyo kwa malori, na baadaye likaja bomba la mafuta la TAZAMA, lami, kisha reli ya TAZARA yenyewe. Mjomba aliyaona yote yakija akiwa chini ya lori. Kutoka kwenye karakana za kampuni ile alibaki na mambo mawili: maneno machache ya Kiitaliano ambayo hakuthubutu kuyasema mbele ya shangazi, na imani kwamba mashine ya upepo haiugui peke yake. Ikiugua, nenda ukauangalie kwanza upepo wake.

Nadhani hilo la pili ndilo lililomlisha kwa miaka yote. Mafundi wengine barabara nzima ile walikuwa na tabia ya kuifungua bunduki mara tu inapolegea. Wanatoa skrubu nne, wanamwaga vyuma kwenye gunia, wanasafisha kwa petroli, wanarudisha, na bunduki inabaki vilevile kwa sababu ugonjwa haukuwamo humo. Mjomba alianzia mbali. Alianzia kwenye kibanda, akafuata bomba, akafuata mpira, akafika kwenye bunduki mwisho, na mara nyingi hakuhitaji kufika.

Nakumbuka lori la mafuta lililokuja siku moja ya mwezi wa Juni, tairi mbili za nyuma zimekwisha, dereva ana haraka ya kuwahi foleni ya Tunduma. Utingo alikuwa ameshapiga jeki. Kijana mmoja wa gereji aliishika bunduki, akaivika boksi, akabonyeza. Ikazunguka vizuri hewani, sauti kali kabisa. Akaiweka kwenye nati: ikaguna mara tatu, ikanyamaza. Akajaribu nyingine. Vilevile.

"Shikamoo mzee," dereva akamwita mjomba, ambaye alikuwa anakunywa uji. "Bunduki yenu imekufa."

"Marahaba, dereva. Haijafa. Ina njaa."

Akaweka kikombe chini. Alikuwa na geji moja ndogo aliyoifunga kwenye kipande cha bomba chenye viunganishi pande zote mbili, ili aweze kuiingiza kati ya mpira na bunduki. Akaiingiza. Ikiwa imetulia, geji ilisoma paundi 120. Yule kijana akashangilia: upepo upo! Mjomba akamwambia abonyeze triga na asiachie. Mshale ukashuka, ukapita 90, ukapita 70, ukatua chini ya 60. Bunduki karibu zote za namna ile zimetengenezwa kufanya kazi kwa paundi 90, na paundi hizo ni za mashine ikiwa inakula, palepale mdomoni pake. Za kwenye tangi, mashine ikiwa imelala, hazifungui nati.

Akafuata mpira. Usiku uliopita mpira mnene ulikuwa umepasuka, na mtu akaweka badala yake mpira mwembamba wa kujazia upepo kwenye tairi, na kiunganishi chake chenye tundu ambalo hata penseli haipiti. Kwa kujaza tairi unatosha, kwa kuwa tairi linasubiri. Bunduki ya inchi moja haisubiri; inataka upepo mwingi kwa mara moja, na kwa hiyo inataka mpira wenye tundu la robo tatu ya inchi, usiwe mrefu kupita haja. Tulikata sehemu iliyopasuka ya mpira mnene, tukaunga kwa kipande cha bomba na vibano, na nati ya kwanza ikafunguka kabla dereva hajamaliza kulalamika.

Kompresa yetu yenyewe haikuwa na nguvu ya kutamba, na hapo Makambako tulikuwa na shida ambayo watu wa pwani hawana. Mjomba alikuwa akisema kompresa ya namna ile Dar inajaza tangi upesi kuliko kwetu, na sisi vijana tulimcheka kimoyomoyo. Alikuwa sahihi. Kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi, mgandamizo wake ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na ufukweni, kwa hiyo kila pistoni inapovuta inavuta kidogo zaidi. Kazi ileile inahitaji muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu alinunua tangi la pili, kuukuu, la breki za lori, akaliunga na la kwanza: upepo wa kuanzia na nati ngumu uwe umeshawekwa akiba.

Ajabu ni kwamba upepo wa nje haukuwa shida kamwe. Makambako ni mji wa upepo, kiasi kwamba wataalamu wa umeme wamekuwa wakiupima. Mwezi wa Julai ulivuma mpaka mabati yakaimba, na sisi ndani ya kibanda tunahangaika kuupata wa paundi 90.

Baridi ilileta jambo jingine, na hapa narudi kwenye koki ya shaba. Hewa ina mvuke wa maji. Kompresa inapoibana, inatoka ya moto na mvuke wake umo. Ikifika kwenye tangi la chuma lililolala nje usiku kucha, mvuke unageuka maji, kama chini ya mfuniko wa sufuria ya viazi. Asubuhi ya Juni ungefungua koki na kuona maji ya rangi ya kutu, yenye utandu wa oili, yakitoka kwa kishindo mpaka mkono unakufa ganzi. Maji hayo yasipotolewa yanasafiri. Yanapita kwenye mpira, yanaingia kwenye bunduki, yanaosha oili, na usiku bunduki ikiwa imetundikwa yanakaa ndani ya silinda na kuila.

Mjomba hakuwa na fedha za kununua mashine ya kukausha hewa, wala sikuiona moja ya namna hiyo Makambako siku zile. Alichofanya ni kulaza bomba la chuma kando ya ukuta, lenye mteremko mdogo wa kurudi kwenye tangi, ili maji yarudi nyumbani. Matawi ya kuungia mipira aliyachomelea juu ya bomba, si chini. Bomba dogo linapanda kwanza, linapinda, ndipo linashuka. Maji, alisema, ni mvivu, hayapandi. Mwisho wa bomba aliweka kipande kilichoning'inia na koki yake. Mafundi waliopita walimuuliza kwa nini anapoteza bomba lote lile, na aliwajibu kwa kuwaonyesha bunduki yake.

Mbele ya mpira kulikuwa na chujio na kikombe kidogo cha kioo cha kudondoshea oili. Kikombe kilivunjika kabla sijafika, kwa hiyo oili tulitia kwa mkono: asubuhi, kabla ya kuunga mpira, matone kadhaa kwenye tundu la kuingizia upepo, kisha unabonyeza triga taratibu huku mdomo wa kutolea hewa ukiuelekeza mbali na uso wa mtu. Kukiwa na kazi nyingi, mchana tena. Oili yenyewe lazima iwe nyepesi. Ipo inayotengenezwa maalumu kwa zana za upepo. Mjomba alipoikosa alinunua oili ya cherehani kwa mshona nguo wa sokoni, na yule mama alikuwa akimtania kwamba anashona matairi.

Kijana mmoja, na hakuwa mzembe, aliona oili ya cherehani inaisha akatia oili ya injini, namba 40, akidhani oili ni oili. Siku ile bunduki ilifanya kazi. Usiku ukaja ule wa Makambako, nyasi zikaamka zimekauka kwa umande ulioganda, na asubuhi triga ilipobonyezwa bunduki ikapuliza tu. Fyuuu, bila kuzunguka. Mteja akashauri tuipige nyundo. Mjomba alimtazama yule mteja kwa muda mrefu kidogo.

Ndani ya bunduki hakuna mambo mengi. Upepo unaingia kwenye silinda ambamo mna rota, na rota hiyo haikukaa katikati. Imeegemea upande mmoja. Imechongwa mifereji kwa urefu, na katika kila mfereji mna kibapa cha faiba kinachoteleza kutoka na kuingia. Upepo unasukuma vibapa, rota inazunguka kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika. Mbele yake zipo nyundo mbili za chuma zinazozungukia shina. Nati ikikubali, vyote vinazunguka pamoja. Ikikataa, nyundo zinaachia, zinazunguka, zinagonga, zinaachia tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kila pigo linaenda kwenye nati badala ya kwenda kwenye mkono wa aliyeishika. Ndiyo maana mtu mwembamba anaweza kufungua nati ambayo wanaume wawili wameruka juu ya wilispana wakashindwa.

Sasa oili nzito ikiganda kwenye mifereji, vibapa vinanasa ndani, havigusi ukuta wa silinda, na upepo unapita pembeni yake bila kusukuma kitu. Mjomba akatia mafuta ya taa kwenye tundu la upepo, akafunika kwa kidole, akaivika boksi na kuzungusha shina kwa mkono, huku na huku. Akaitikisa, akamwaga. Mara ya pili tena. Kisha akaiunga na kuibonyeza kidogo kidogo, nje ya banda, mbali na jiko la mkaa la mama wa chai, kwa sababu ukungu wa mafuta ya taa unashika moto. Ikakohoa ukungu mweusi, ikazunguka. Haraka akatia oili nyepesi, kwani mafuta ya taa yanasafisha lakini hayalainishi, na ukiiacha hivyo unaikausha. Bunduki haikufunguliwa hata skrubu moja.

Niliona ikifunguliwa wakati wa mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 kuingia 1998. Barabara ilikatika sehemu nyingi nchini, malori yalikaa Makambako yakisubiri habari, na mjomba akasema bora tuifanyie bunduki kazi wakati wateja wanalala. Ilikuwa imeanza kulegea hata kwa mpira mnene na paundi 90 kamili, na hapo ndipo alipokubali kwamba sasa ugonjwa umo ndani. Chujio dogo la mlangoni lilikuwa safi. Njia ya kutolea hewa haikuziba. Triga haikuvuja. Alimaliza hayo kwanza, kisha akatandika gazeti kuukuu mezani.

Nyundo zilikuwa zimeanza kuviringika pembeni, lakini bado zilikuwa na makali ya kukamata. Alizipaka grisi mpya kidogo tu; grisi ikizidi huko mbele, nyundo zinaogelea na pigo linakuwa laini. Beringi zilizunguka bila kelele. Vibapa ndivyo vilivyokwisha. Kimoja kilikuwa kimemeguka kona, na vingine vimepungua upana mpaka vikitoka kwenye mfereji vinakuwa vimebakiza sehemu ndogo mno ndani.

Vibapa vya kununua vilikuwa Dar, kama vilikuwapo, na barabara ya Dar ilikuwa inasubiri maji yapungue. Mjomba alitoka na mwavuli, akarudi baada ya saa nzima na kipande cha bakelaiti cha kahawia alichokipata kwa fundi umeme, kilichokuwa ubao wa nyuma wa swichi kubwa. Kazi iliyofuata ilituchukua siku nzima na sehemu ya usiku. Alikata kwa msumeno wa chuma vipande vyenye urefu wa vile vya zamani, akavipunguza kwa tupa, kisha akaweka msasa laini juu ya kioo cha dirisha na kuvisugua hapo, akipima kila mara kwa kukiingiza kwenye mfereji wake. Kisibane. Kisicheze. Ukiinamisha rota kidogo, kiteleze chenyewe kwa uzito wake. Upande wa ndani aliuviringa kufuata cha zamani, upande wa nje akauacha mnyoofu, na akanieleza kwamba ukigeuza, bunduki itazunguka lakini utavimaliza vibapa upesi. Alibadilisha vyote, hata kile cha zamani kilichoonekana kizima, kwa kuwa kipya na kuukuu vikifanya kazi pamoja, kipya kinabeba mzigo wa wengine.

Redio ilikuwa imewashwa, Radio Tanzania, muziki wa dansi na taarifa za madaraja yaliyochukuliwa na maji. Shangazi alituletea ugali na mchicha, tukala na mikono yenye vumbi la bakelaiti.

Vile vibapa havikudumu kama vya kiwandani. Vilidumu kiasi cha kutosha mpaka dereva mmoja mwema alipotuletea seti halisi kutoka Dar, na tulivyovitoa, mjomba alivihifadhi kwenye kopo la maziwa, akisema barabara itakatika tena.

Kulikuwa na balaa jingine ambalo lilitokana na malori, si bunduki. Fuso na ndugu zake wa Kijapani wa wakati ule, magurudumu ya upande wa kushoto yalikuwa na uzi wa kushoto: nati unaifungua kwa kuizungusha kuelekea kulia. Nyuma zilikuwa nati mbili kwa kila bolti, ya nje ya milimita 41, na ndani yake nyingine yenye kichwa cha mraba cha milimita 21 kilichoshika rimu ya ndani. Malori mengi ya Ulaya yaliyotujia yalikuwa na uzi wa kawaida pande zote. Utingo aliyehamia Fuso kutoka Scania angeshika bunduki kwa nia njema, akaizungusha upande aliouzoea, na kwa kuwa bunduki haijui inafungua au inafunga, ingeikaza ile nati mpaka bolti ikatike. Mjomba alikuwa akitufundisha kusoma kichwa cha bolti kabla ya kugusa chochote. Ipo herufi: L au R. Inafunikwa na tope, kwa hiyo brashi ya waya kwanza.

Na boksi. Zipo za kung'aa, nzuri kwa mkono, na zipo nyeusi, nene, zilizotengenezwa kwa ajili ya kugongwa. Dereva mmoja alitoa ya kwake ya kung'aa kwenye sanduku la vifaa akatuomba tuitumie, ilikuwa saizi adimu. Mjomba alikataa. Dereva akaenda kwa jirani, ambako walikubali, na boksi ikapasuka ikiwa inazunguka, kipande kikatoboa bati. Hakuna aliyeumia.

Watu waliomjua mjomba wanamkumbuka kwa kusikiliza. Angeweza kukaa kwenye benchi, amefumba macho, akakwambia bunduki inavuja kwenye triga, au kwamba boksi imelika kona na inapoteza nusu ya pigo kwa kuchezacheza kwenye shina. Miaka ilivyokwenda, alianza kutuomba turudie maneno. Bunduki ya upepo inapiga kelele zinazozidi desibeli 100, na aliisikia tangu ujana wake bila kitu masikioni. Sisi alitulazimisha kuziba kwa pamba. Yeye mwenyewe alikataa, akidai pamba inamzuia kusikia ugonjwa. Mpaka nilipoondoka alikuwa ameshaanza kupima kwa kiganja, anauweka mkono juu ya mwili wa bunduki wakati mwingine akibonyeza triga. Bado alipatia. Lakini shangazi alikuwa akizungumza naye kwa kupaza sauti kwenye chakula cha jioni, na sidhani ilikuwa bei halali ya ufundi. Pamba ingetosha.

Nilichotaka kukieleza zaidi ni jambo lililomkasirisha kuliko maji na oili nzito vikiwekwa pamoja: kufunga nati kwa bunduki mpaka inyamaze. Wengi wanafanya hivyo hata leo. Bolti ya lori ya milimita 22, ya mfumo wa Ulaya, inahitaji kukazwa kwa nguvu ya karibu nyutoni-mita 600. Bunduki ya inchi moja yenye afya inaweza kuzidi mara mbili ya hapo, na haikwambii imefika wapi. Bolti inavutika, inalegea, na siku moja inakatika barabarani; au rimu inapasuka matundu. Lililotokea kwa lori moja la mahindi kutoka Songea tuliliona wenyewe: lilifungwa gurudumu kwenye gereji moja njiani, likafika kwetu likiwa na bolti sita kati ya kumi.

Mjomba hakuwa na spana ya kupimia nguvu. Alikuwa na wilispana yenye mkono wa mita moja kamili, alioupima kwa futi, na alikuwa na mizani ya kupimia magunia. Kila kijana aliyeingia kazini alipimwa. Mwenye kilo 60 ndiye aliyekuwa mkazaji wa mwisho, kwa sababu mtu wa uzito huo akining'inia mwishoni mwa mkono wa mita moja anatoa nyutoni-mita 600 kasoro kidogo. Bunduki ilitumika kuzirudisha nati mpaka ziguse rimu, basi. Baada ya hapo jeki inashushwa, na mkazaji anazunguka kwa kuvuka: ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia. Mimi nilikuwa na kilo 54, na kwa muda mrefu nilimwonea wivu mwenzangu.

Mjomba alifariki kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012, na gereji haipo. Kiwanja kina nyumba ya wageni. Bunduki ilinunuliwa na fundi mmoja wa Igawa, pamoja na kopo la vibapa.

Wewe unayesoma haya na una gari, hata dogo: ukibadilishiwa tairi popote, mwambie fundi amalizie kwa mkono, gari likiwa limeshushwa chini. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, simama pembeni, toa wilispana, ukaze tena kila nati mwenyewe.